Ndoo Iliyotutangulia

Nilimwambia Mwalimu Mkuu tusitangaze. Nilimwambia mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, na mimi nikisimama ofisini kwake ujue nimeshakasirika. Kama tunataka kujua nani analala njaa, nikasema, twende ghafla, tukute mambo yalivyo. Akanitazama juu ya miwani, akasema ustaarabu ni kuwapa watu taarifa. Basi familia thelathini zikapelekewa barua wiki nzima kabla: Mwalimu wa Malezi na Karani wa shule watapita nyumbani kwenu kufanya tathmini ya mahitaji, tafadhali muwepo.

Mwalimu wa Malezi ndiye mimi. Kazi yangu ni kujua kwa nini mtoto huyu hana viatu, kwa nini yule analala darasani, na nani hasa anamlea nani. Mwaka ule wafadhili walitupa nafasi nane. Watoto wanane wangepata chakula cha mchana shuleni kila siku mpaka mwisho wa mwaka, na jozi ya viatu juu. Shule ina watoto mia sita. Majina yalitakiwa Jumatatu asubuhi, kila jina na fomu yake iliyojazwa nyumbani kwa mtoto. Jina lisilo na fomu halipokelewi.

Jina moja nilikuwa nimeshaliweka moyoni. Wenzake walimwita Kifutio, msichana wa darasa la tano, mwembamba, mkimya, ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kufuta ubao. Walimu walimsifu kwa bidii yake. Hata mimi nilimsifu, mpaka nilipong'amua kwamba anayefuta ubao kipindi cha nne ndiye anayerudisha kifutio kwenye chumba cha walimu, kwamba kipindi cha nne kinaisha saa ya chai, na kwamba kwenye sahani yetu hakikosi kubaki kipande cha mkate. Hakuomba hata siku moja. Alisimama tu pembeni ya meza akipanga chaki zilizokwisha kupangwa, mpaka mtu aseme, "Haya, chukua hicho." Baada ya hapo alikuwa macho mpaka kipindi cha sita. Cha saba alilala. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi yake.

Nilikuwa na uhakika bibi huyo atapita bila shida. Nilisahau kwamba naenda na Karani.

Karani wetu ana sifa moja kubwa: hadanganyi. Ana pia kasoro moja kubwa: anaamini fomu nayo haidanganyi. Fomu yenyewe ilikuwa kurasa nne za visanduku. Kila familia ilianza na alama mia, kisha kila kitu cha thamani kilichoonekana ndani kikazipunguza. Kochi lilitoa kumi, televisheni kumi na tano, friji ishirini. Aliyebaki na sabini au zaidi ndiye mhitaji. Waliotunga ile fomu hawakuacha hata mstari mmoja wa maelezo, na Karani aliipendea hapo hapo.

Alhamisi saa nane mchana tukaanza mtaa wa nyuma ya shule. Nyumba ya kwanza ni ya fundi cherehani. Alitupokea mlangoni amevaa shati lililochanika bega zima. Fundi cherehani, tena wa kusifiwa, shati limechanika! Nikaingia.

Ndani hamkuwa na kitu. Chumba kilikuwa kitupu mpaka salamu zetu zikarudi kutoka ukutani. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya kitu kizito, na ukutani palikuwa na sehemu safi ya mstatili, rangi yake ikiwa mpya kuliko ukuta wote, chini yake soketi ya umeme. Katikati ya chumba ilikuwa imepinduliwa ndoo ya bluu isiyo na mshikio, yenye ufa ulioshonwa kwa waya.

"Karibuni kiti," akasema fundi kwa sauti ya mgonjwa. Karani akaikalia ile ndoo, akafungua fomu.

"Hapo ukutani palikuwa na nini?" nikauliza.

"Picha ya marehemu baba, mwalimu. Tuliitoa, ilikuwa inatutia huzuni."

"Baba yako alikuwa mpana."

"Alikuwa mtu wa kula, mwalimu."

Karani akaandika: televisheni hakuna, kochi hakuna, friji hakuna, viti ndoo moja. Fundi akapata alama tisini na tisa, akaziba uso kwa mikono miwili. Sikujua kama analia au anacheka.

Nyumba ya pili, mke wa dereva wa lori alitusimamisha nje. Akatuuliza hali zetu, za walimu wenzetu, za Mwalimu Mkuu na mguu wake, akarudia za kwetu tena. Wakati wote alikuwa anachungulia nyuma ya mabega yetu. Mlango wa uani ukasikika ukigonga, kitu kikaburuzwa, naye akashusha pumzi. "Jamani, nimewaweka juani! Karibuni ndani."

Ndani kweupe. Na katikati, ndoo ya bluu isiyo na mshikio, ina ufa ulioshonwa kwa waya.

Karani akakaa. Akaipapasa pembeni, akapendezwa. "Mama, hizi ndoo mnanunua wapi? Naona mtaa mzima mnazo."

Nikaangalia dirishani nisije nikacheka mbele ya mzazi.

Nyumba ya tatu ni ya mwanamke anayesuka na kutengeneza nywele, wateja wake humwita Mama Saluni. Hapo tulifika haraka mno. Mke wa dereva alijaribu kutuongezea salamu, nikamkatiza. Tukamkuta Mama Saluni amesimama katikati ya chumba kitupu, mikono imening'inia, hajui pa kutukalisha.

"Mtusamehe," akasema. "Kiti kinakuja."

Dirishani nikamwona fundi cherehani akikimbia ameinama nyuma ya ua, ndoo kichwani, shati sasa limepasuka mpaka kiunoni. Ndoo ikaingia dirishani. Mama Saluni akaipokea kwa nyuma bila kugeuka, macho yake kwetu, tabasamu halijatikisika, akaipindua. "Karibuni."

Karani hakuona kitu, alikuwa anachonga penseli.

Zilibaki nyumba chache, ya mwisho kwa bibi yake Kifutio, chumba kimoja mwisho wa njia. Pale nilitegemea kumaliza dakika tano. Nikasukuma mlango, ukafunguka nusu, ukagoma. Nikaingia kwa ubavu. Karani akaingia nyuma yangu, na macho yakamtoka pima.

Makochi mawili makubwa yalikuwa yamebananishwa kitanda kikapotea. Friji mbili zilisimama zimepeana migongo. Televisheni tatu zilipangwa ukutani, ya kwanza mpya, bado ina karatasi ya nailoni kwenye kioo. Kulikuwa na chupa za chai saba, kioo cha ukutani kirefu kuliko mimi, na ile mashine ya saluni yenye kofia ya kukaushia nywele. Katika mwanya uliobaki, mpana kiasi cha mtu mmoja mwembamba, alisimama Bibi, mtu mmoja mwembamba. Kifutio alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa kochi, mikono magotini, kama anayeogopa kulichafua.

"Karibuni wageni wangu," akasema Bibi. "Kaeni popote mnapopenda." Nikaona uso wake uking'aa kidogo alipotamka hilo, haya na fahari pamoja. Nadhani hakuwahi kulisema neno hilo katika chumba kile.

Karani akaanza kuhesabu kwa kalamu hewani. "Televisheni tatu. Bibi, unatazamaje zote tatu?"

Bibi akafikiri. "Kwa zamu."

"Na hii mashine ya nywele?"

Akashika mvi zake fupi. "Kichwa changu hushikwa na baridi, mwanangu."

Nikamvuta Karani shati. "Wewe, huoni?"

"Naona. Tatu."

"Huoni ajabu?"

"Fomu haina sehemu ya ajabu, Mwalimu."

Akapiga hesabu, akairudia, akajikuna kichwa. Alama za Bibi zilikuwa hasi thelathini na mbili. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajaona familia yenye uwezo namna hiyo. Kisha akafungua kidau cha wino, maana ukurasa wa nne mlezi anathibitisha kwamba vitu vyote vilivyoandikwa ni mali yake. Bibi akautazama wino. Akatazama dirishani, ambako nyuma ya ua vichwa vitatu vilikuwa vimejipanga, cha fundi, cha mke wa dereva na cha Mama Saluni, vyote vimeshikwa na butwaa. Akaweka dole gumba.

Nikamwambia Karani atangulie. Alipotoka nikainama kwa Bibi. "Bibi, tuseme ukweli. Humu ndani, chako ni kipi?"

Akazungusha macho chumba kizima, taratibu, akitafuta kwa dhati. "Ndoo," akasema. "Lakini wameiazima."

Nilitaka kucheka, sikuweza.

"Walijua na wewe umeandikiwa barua?"

"Waliniuliza. Nikawaambia sijaandikiwa, mimi na mtoto hatuna shida." Akashusha sauti, Kifutio asisikie, na Kifutio alikuwa hatua mbili kutoka hapo. "Ningewaambiaje, mwanangu? Wangeniona ombaomba."

"Sasa waambie. Mtoto anakosa chakula."

"Mwaka jana nilipoanguka, yule fundi alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Mke wa dereva alimlisha huyu mtoto wiki tatu. Mama Saluni alikuja kunifulia. Leo wameniomba jambo moja tu, niwatunzie vyombo vyao siku mbili tatu. Nitoboe siri yao? Kesho nitawatazama kwa macho gani?"

Nilitoka nikiwa na hasira na kila mtu: na majirani, na Bibi, na fomu, na Mwalimu Mkuu na ustaarabu wake. Usiku ule hasira ikanipa akili.

Ijumaa nikamwomba Mwalimu Mkuu awaite jioni wazazi wa mtaa ule, kuna jambo la kuthibitisha. Sikumwambia zaidi, maana Mwalimu Mkuu hawezi kuigiza. Wakaja. Fundi alikuwa na shati lile lile. Bibi aliketi mbele, dole gumba bado lina wino. Nikasimama nikasoma fomu yake neno kwa neno, kwa sauti ya kutoa zawadi.

"Makochi mawili, friji mbili, televisheni tatu," nikasoma. "Vyote ni mali ya mzazi wetu huyu, ameweka dole gumba, na mhuri wa shule umepigwa. Tumpigie makofi."

Mwalimu Mkuu alipiga makofi kwa moyo wote. Wengine walijipapasa viganja tu. Bibi akainamisha kichwa, na hapo nilijichukia kidogo, naungama. Lakini nikaendelea. "Bibi, ni vyako kweli?"

"Nimeshaweka dole, mwalimu," akasema polepole.

Kilichofuata sikukipanga. Mwalimu Mkuu alisimama, amefurahi, akapangusa miwani. Akasema shule ina miaka sita bila televisheni. Kwa kuwa mzazi mwenzetu amejaliwa tatu, hatakataa kuiazima shule moja, ile mpya, kwa faida ya watoto. Gari la shule lingepita kesho asubuhi.

Bibi hakuwa na cha kutoa wala cha kunyima. Aligeuka nyuma akamtazama fundi. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kwa kumwomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kutunza. Fundi akaangalia viatu vyake muda mrefu.

"Ile mpya ni yangu," akasema hatimaye.

"Ile ya picha ya marehemu baba?" nikauliza.

"Hiyo hiyo, mwalimu. Na kochi la kahawia. Na friji moja." Akasimama, na shati likaachia kabisa begani. "Huyu mama alituambia hajaandikiwa, tukaamini. Hatukumuuliza anakula nini. Sisi ndio tuna aibu, si yeye. Nifutieni jina."

"Friji ya pili na kochi la pili vya kwangu," akasema mke wa dereva, anafuta macho kwa kiganja. "Na televisheni. Na chupa za chai, tano."

"Mbili zangu," akasema Mama Saluni, "na televisheni ya tatu. Vilivyobaki mnavijua wenyewe, bibi wa watu hana kichwa cha kukausha."

Watu wakacheka, hata Bibi, amejiziba mdomo. Mwalimu Mkuu peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Kwa hiyo televisheni hakuna?"

Sikuwachukia tena wale watatu. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliojinyima miaka kupata kochi moja, wakaogopa kwamba kochi hilo litamnyima mtoto wao sahani ya chakula. Ila fomu ya Bibi ilikuwa na dole na mhuri, hasi thelathini na mbili, na Karani akasema isipojazwa upya palepale nyumbani, kwa macho yake, yeye habadilishi kitu. Tulikuwa na Jumamosi tu.

Tulifika saa sita mchana. Vitu vilikuwa vimehamishwa. Kilibaki kitanda cha kamba, sufuria mbili, na ndoo ya bluu, iliyorudi kwao imeoshwa. Na kochi la kahawia. Fundi na mke wa dereva walikuwa wamesimama huku na huku mwa kochi, mikono tayari kulibeba, lakini hawalibebi. Juu yake alilala Kifutio, mdomo wazi kidogo, mkono umening'inia.

"Shh," akasema fundi.

"Tangu Jumatano alikuwa analikalia kwa ukingo," Bibi akaninong'oneza. "Leo amesaidia kutoa vitu tangu asubuhi. Akasema ajaribu kulala mara moja tu kabla halijaondoka."

Karani alisimama mlangoni akimtazama yule mtoto. "Amekula?" akauliza.

Nikageuka kumtazama. Swali hilo halimo katika kurasa zote nne.

Bibi akajishughulisha na ndoo, akaipindua, akaifuta kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Kaa, mwanangu," akamwambia.

Karani akakaa. Akajaza: televisheni hakuna, friji hakuna. Kwenye kochi kalamu ikasimama. Kochi lilikuwepo, linaonekana, na yeye hadanganyi. Likiandikwa, Bibi ataweka tena dole kuthibitisha kwamba ni lake. Niliziogopea alama kumi tu, huku nikijua Bibi hata zikitoka anabaki juu ya sabini. Sikutaka apunguziwe hata moja.

"Andika ni langu," akanong'ona fundi. "Litakaa hapa mpaka aamke."

"Ataamka saa ngapi?"

"Mimi sina haraka."

Karani akaangalia kisanduku, kisha akaangalia ukingo wa karatasi, pale peupe pasipo na mstari, ambapo hajawahi kuandika kitu tangu aajiriwe. Akaandika kwa herufi ndogo, anabonyeza sana. Nikasoma juu ya bega lake. "Kochi moja, la jirani. Mtoto amelala juu yake saa sita mchana. Hajala. Nimeona mwenyewe."

Jumatatu fomu zikaenda, na jina la Kifutio likarudi la kwanza. Kochi la fundi lipo kwa Bibi mpaka leo. Fundi anasema ataliendea tathmini ya mwaka kesho ikipita, kwa usalama.

Chakula cha mchana kilipoanza, nilidhani hatutamwona tena chumba cha walimu. Kipindi cha nne kikaisha, akaingia na kifutio chake, akaanza kupanga chaki.

"Wewe si utakula saa saba?" nikamwuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Karani, aliyekuwa anakunywa chai, akasukuma sahani. "Haya, chukua hicho."

Akachukua kipande cha mkate, akakikunja vizuri ndani ya karatasi aliyokuja nayo mfukoni. "Hiki cha bibi," akasema, akatoka.